Ukifika, Usalimie wa Makobola

Tangu miaka ya 1960 redio imekuwa ikiyataja majina haya mawili ya mashariki mwa Kongo kwa pumzi moja: Fizi-Baraka. Karibu kila yalipotajwa ilikuwa habari ya vita, hata msikilizaji wa mbali akadhani ni mji mmoja. Si mmoja. Fizi iko mlimani, penye baridi ya asubuhi, ofisi za wilaya na barabara inayopanda kona kwa kona. Baraka iko chini, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ndani ya ghuba inayokingwa na rasi ya Ubwari. Ni mji wa mitumbwi, pikipiki, na ndagala walioanikwa mchangani. Anayetoka Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 hufika Baraka kwanza, na kabla ya Baraka atakuwa amepita Makobola.

Nilikesha matangani Baraka usiku mmoja wa kiangazi. Marehemu alikuwa mzee aliyekufa kwa uzee, juu ya kitanda chake, na waombolezaji walilirudia hilo kama watu wanaotaja bahati ya mwenzao: amekufa kwake, watoto wapo, kaburi lipo. Turubai lilifungwa kati ya mwembe na ukuta, mabenchi yaliazimwa kanisani, akina mama walikuwa nyuma ya nyumba wakisonga bugali katika sufuria la kutosha kumwogesha mtoto. Pembeni vijana watatu walikuwa na ngoma zao motoni. Ngozi hulegea kwa unyevu wa ziwa. Basi kila baada ya muda ngoma huinamishwa juu ya moto wa majani makavu ya mgomba, fundi anaigonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anaigeuza, anagonga tena, mpaka sauti ipande. Akiipeleka karibu mno ngozi itapasuka, na usiku wote utakuwa umeharibika. Nilimtazama kijana mmoja akifanya kazi hiyo kwa uangalifu wa mtu anayepima dawa.

Watu walicheza kwa duara, magoti yamekunjwa, mabega yakifanya kazi kubwa kuliko miguu. Walicheka pia. Waswahili husema kifo cha wengi arusi, na kwa mzee wa umri ule ilikuwa karibu kweli. Kisha, usiku wa manane, mama mmoja wa makamo aliingia katikati ya duara, akashika ubao wa ngoma kubwa, na wapigaji wakashusha mapigo bila kuambiwa. Akaanza mbolezi. Hakuwa akimlilia mzee, alikuwa akimtuma. Ee baba, ukifika, umsalimie mama mdogo. Ukifika, umsalimie fulani na fulani. Ukifika, usalimie wa Makobola, wote. Kwa kila jina ngoma ilijibu pigo moja zito, na duara likainama.

Nilikuwa nimekuja kutafuta ngoma ya kukumbuka wafu wa vita. Ngoma yenye jina hilo sikuiona. Nilichokiona ni hiki: matanga ya mtu aliyekufa vizuri, na ndani yake wakipitishwa wale waliokufa vibaya, kama abiria wasio na nauli wanaopewa nafasi ndani ya boti ya jirani. Kuwapa waliokufa karibuni salamu za kuwafikishia waliotangulia si uzushi wa Baraka. Aliyewahi kukesha matangani mashariki mwa Kongo anajua desturi hiyo. Tofauti ya Fizi ni wingi wa wanaosalimiwa, na namna walivyokufa.

Wenyeji wengi wa milima hii ni Babembe. Zamani mambo ya wanaume yaliamuliwa katika lubunga, banda la mazungumzo ya ukoo, na mambo mazito zaidi katika vyama vya siri. Kimojawapo kiliitwa alunga. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Kibelgiji aliyefanya utafiti huku miaka ya 1950, alieleza kwamba alunga ilisimamia nidhamu, uwindaji na ngoma za hadharani, na kwamba ilikuwa na kinyago chake: kofia kubwa ya mti iliyochongwa kama kengele, yenye nyuso mbili, moja mbele na moja kisogoni, macho mapana yaliyochimbwa ndani, na juu yake shada la manyoya na miiba ya nungunungu. Aliyekivaa alifunikwa nyuzi mpaka miguuni na alisema kwa sauti ya kukwaruza. Leo ukitaka kukiona unaweza kulazimika kukata tiketi ya ndege, kwa sababu vinyago vya namna hii vimekaa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, chini ya taa, vimetulia tuli. Kitu kilichoundwa kizunguke kimewekwa ukutani, na mtazamaji anaona uso mmoja tu.

Chini ufukweni historia ilikuwa nyingine. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Ujiji ilivuka ziwa kutafuta pembe na watu. Burton na Speke walipopita kwa mtumbwi mwaka 1858 wakielekea Uvira, Burton aliidhani Ubwari kuwa kisiwa. Ghuba ya Baraka bado inabeba jina lake katika ramani za Wazungu, ingawa hakujua imekaaje. Miaka ya 1880 biashara ya kaskazini mwa ziwa ilikuwa mikononi mwa Mohammed bin Khalfan wa Ujiji, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, yaani yule amalizaye. Jina la namna hiyo halihitaji maelezo. Misafara hiyo ndiyo iliyoacha pwani hii Kiswahili, msikiti, kanzu, na jina lenyewe la Baraka, ambalo kwa mji wenye historia hii lina kejeli ambayo wenyeji wenyewe huitania. Iliacha pia namna mbili za kuomboleza zinazoishi mlango kwa mlango: hitima ya Waislamu, ambapo wafu hutajwa kwa utulivu wa kisomo, na kilio cha ngoma. Nimeona watu wakitoka kwenye kisomo saa mbili usiku na kwenda kukesha kwenye ngoma saa nne, wala hakuna aliyewauliza.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika ziwani, jeshi la Wabelgiji, Force Publique, lilivuka kwenda kuwapiga Wajerumani na kuingia Tabora Septemba 1916. Zaidi ya watu laki mbili wa Kongo walibebeshwa mizigo katika vita hivyo. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, na majina ya wengi wao hayakuandikwa kokote. Kilichobaki ni ngoma. Beni, ile ngoma ya magwaride iliyozaliwa pwani ya Kenya kabla ya vita, ikiwa na vyeo vyake vya kubuni, makamanda wake, na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilisambazwa na askari na wapagazi katika Afrika Mashariki, ikavuka maziwa na kuingia Kongo hadi kwenye migodi ya Katanga. Wakoloni waliiona kama wazimu wa kuiga, halafu kama njama. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Mimi huwa naiona kwa jicho la matanga: wanaume waliopangwa mistari, wakitembea kwa hatua ya jeshi, bila bunduki na bila adui. Ukipanga mistari ya waliorudi, nafasi ya asiyerudi inaonekana yenyewe.

Lakini vita vilivyoifunga Fizi na Baraka kwa kistari kimoja ni vya Simba. Mei 1964 Simba, waasi wafuasi wa Lumumba, waliteka Uvira, Fizi ikafuata, na mwezi uliofuata Albertville, ambayo ndiyo Kalemie ya leo. Vijana wa Kibembe walijiunga kwa wingi. Kabla ya vita mganga aliwanyunyizia maji ya dawa ili risasi zigeuke matone, na dawa ilikuwa na masharti: usiguse mwanamke, usichukue kitu cha mtu, usiogope. Aliyekufa alikuwa amevunja sharti. Tafakari maana yake kwa mama yake. Kifo cha mwanawe ni ushahidi wa kosa lake. Nani atamchezea ngoma hadharani? Naamini hapa ndipo desturi ya kuwapitisha wafu wa vita ndani ya matanga ya wengine ilipopata nguvu, ingawa hakuna atakayenithibitishia.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965, mashua kutoka Kigoma ilitua Kibamba, kusini mwa Baraka, na wakashuka Wacuba wachache, wengi wao weusi, waliokuja kuwasaidia Simba. Kiongozi wao alikuwa amefungua kamusi ya Kiswahili na kugawa majina kwa hesabu: Moja, Mbili, Tatu. Tatu ndiye kiongozi mwenyewe, Che Guevara. Wacuba walioingia walifika kama 120 na ushei. Walikaa miezi saba, wakaumwa malaria na kuhara, wakasubiri viongozi waliokuwa Dar es Salaam na Cairo. Mmoja wa viongozi wachache wa Kikongo waliokaa nao, Léonard Mitoudidi, alikufa maji ziwani hapo Kibamba tarehe 7 Juni, boti ilipokumbwa na mawimbi. Tarehe 29 mwezi huohuo shambulio la Front de Force, kwenye mitambo ya umeme ya Bendera, lilishindwa vibaya. Wacuba wanne walikufa, na pamoja nao Wanyarwanda na Wakongo ambao vitabu huwataja kwa jumla tu. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa serikali wakiongozwa na Mike Hoare walitua Baraka kutoka ziwani, ndege zikiwasaidia, na baadhi ya marubani wa ndege hizo walikuwa Wacuba pia, wale waliomkimbia Castro. Vita vya Havana vikapiganwa juu ya mihogo ya Baraka. Haukupita muda mrefu Fizi nayo ikaanguka. Usiku wa Novemba 20 kuamkia 21 Che alivuka ziwa kurudi Kigoma.

Ulimwengu unaijua Fizi kwa miezi saba hiyo, na mgeni akifika ataulizwa kama amekuja kwa ajili ya Che. Wazee wa Kibembe nilioongea nao walimtaja kwa adabu na kupita haraka. Walichokuwa na hamu ya kukisimulia ni miaka iliyofuata, ambayo sijaiona katika filamu yoyote. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Simba, aliunda chama chake cha PRP Desemba 1967 na kuigeuza milima ya Fizi kuwa nchi ndani ya nchi, makao yake Hewa Bora, kwa karibu miaka ishirini. Wanajeshi wa Rais Mobutu wakafunga barabara. Chumvi ikawa bidhaa ya magendo. Mtu aliyekufa mlimani miaka ile alizikwa kimya, kwa maana ngoma husikika mbali na anayesikia anaweza kuwa na bunduki. “Sisi tulikuwa tunalia mdomo umefungwa,” mzee mmoja aliniambia, akafunika mdomo kwa kiganja kunionyesha.

Kisha 1996. Septemba mwaka huo, kabla ya vita vya waasi wa AFDL kupamba moto, raia Banyamulenge, Watutsi wa Kongo, waliuawa Baraka, Lueba na kwingineko ufukweni, na miongoni mwa waliowaua walikuwamo majirani zao wa Kibembe pamoja na askari wa Zaire. Oktoba, AFDL na jeshi la Rwanda waliposhuka, ikawa zamu ya Babembe na wakimbizi wa Kihutu kuuawa na kukimbia. Wengi walivuka ziwa. Upande wa Tanzania kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo wilayani Kasulu, na Lugufu haikukawia. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, chama cha waasi cha RCD kikishika miji, wanamgambo wa Mai-Mai wakishika milima.

Na Makobola. Kuanzia Desemba 30, 1998 hadi Januari 2, 1999, askari wa RCD na washirika wao waliingia Makobola ya pili, ile iliyo upande wa Fizi, na vijiji jirani vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, ile inayopitia matukio 617 ya uhalifu nchini Kongo kati ya 1993 na 2003, inasema waliouawa walizidi 800. Wengine walichomwa ndani ya nyumba. Walionusurika walizika kwa haraka, katika mashimo ya pamoja, halafu wakakimbia. Kwa hiyo hapakuwa na mkesha, wala kisomo, wala ngoma. Tena ilikuwa mwaka mpya. Ufukweni kote hizo ni siku za kuku, nguo mpya na ngoma za furaha. Makobola tarehe hizo zimekuwa za misa, hotuba na maua, kila mwaka.

Ndiyo maana mama yule wa Baraka hakutaja majina ya Makobola moja moja. Alisema wote. Kwa jina moja ni pigo moja la ngoma. Kwa wote wale wapigaji walipiga mfululizo, mapigo ya haraka yasiyohesabika, kwa muda ambao niliuona mrefu, na duara halikuinama mara moja bali lilishuka polepole mpaka baadhi ya watu wakawa wamechuchumaa.

Mpigaji wa ngoma kubwa alikuwa amekulia Nyarugusu. Alijifunzia kwenye dumu tupu la mafuta ya kupikia ya msaada, mjomba wake akimsahihisha kwa kumgonga begani. Kule kambini, alisema, ngoma za Kibembe zilipigwa kuliko zilivyopigwa nyumbani, kwa sababu watu wa milimani na watu wa ufukweni, ambao Kongo walionana siku ya soko tu, walijikuta vibanda vyao vinagusana. Waligundua kwamba mapigo yao hayafanani. Wakabishana, kisha wakachanganya. Kilichokosekana ni ziwa: mtu akifa Nyarugusu unamtuma apitie wapi? Marejeo yalipoanza Oktoba 2005, watu walishuka Baraka kwa meli kutoka Kigoma wakiwa na mabati, watoto waliozaliwa ugenini, na mapigo ambayo vijiji vilivyowangoja havikuyajua. Ngoma niliyoisikia Baraka usiku ule, basi, si ya kale. Ina umri wa kambi. Wasomi wanaotafuta ngoma asilia wataudhika. Mimi sioni ubaya wowote.

Ubaya niuonao uko kwingine. Mama alisalimia wengi, wa Simba, wa Makobola, waliozama ziwani wakikimbia. Hakumsalimia hata mmoja wa wale wa Septemba 1996. Hao wanachezewa kwingine, juu Minembwe na ng’ambo, kwa nyimbo za Kinyamulenge na mikono iliyonyoshwa kama pembe za ng’ombe. Wanaokumbukwa pamoja nao kila Agosti 13 ni wale wa Gatumba, nchini Burundi, ambako usiku mmoja wa mwaka 2004 wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini. Tangu 2015 wakimbizi Warundi nao wameweka kambi Lusenda, mwendo mfupi kutoka Baraka, wakiwa na maombolezo yao. Katika wilaya moja kuna ngoma tatu za wafu na hakuna masikio yanayosikia zote. Serikali ya Kinshasa imeweka Agosti 2 kuwa siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliouawa, kwa sheria ya Desemba 2022, na siku hiyo husomwa hotuba. Sijasikia mtu wa Fizi akisema hotuba ilimliza.

Nilimuuliza mpigaji, asubuhi, kama inawezekana siku moja mbolezi ikawataja majirani. Alikuwa akifuta jasho kwa fulana yake. “Yaya,” alisema, yaani mkubwa wangu, “mbolezi ni ya anayelia. Mimi napiga tu akisema jina.”

Lakini kabla ya asubuhi hiyo kulikuwa na jambo moja. Kama saa kumi alfajiri upepo wa ziwa uligeuka, ngozi zikalegea tena, moto ukawa umebaki majivu. Mama alirudi katikati ya duara kumalizia salamu za nyumba yake mwenyewe. Alimtuma mzee kwa baba yake, kwa dada zake wawili, kwa mtoto. Akasema, ukifika umsalimie, halafu akataja nusu ya jina, silabi mbili, na mpigaji akainua mkono. Mama akanyamaza. Mkono wa mpigaji ulibaki juu. Nyuma yangu bibi mmoja alininong’oneza kwamba huyo ni kaka yake, alivuka ziwa mwaka 1996, na mpaka leo hakuna aliyemwona akiwa hai wala aliyemzika. Ukimtumia salamu kwa wafu umemuua wewe.

Mama alitikisa kichwa. Mpigaji akashusha mkono taratibu, akauweka juu ya ngozi bila kupiga. Kisha mama akataja jina jingine, na ngoma ikajibu.